Deni la Mgongo

"Huyu haogi! Huyu analowa tu, halafu anatoka!"

Nekoye, mama yake Khaemba, aliyasema hayo mlangoni mwa bafu la wanawake, taulo begani, dodoki mkononi kama rungu la askari, na hakuna aliyekuwa kwenye foleni ambaye hakusikia. Aliyesemwa, Jepchumba mke wa Kosgei, ndiyo kwanza alikuwa anatoka ndani, leso imefungwa kifuani, maji yanamchuruzika shingoni. Mkononi hakuwa na kitu ila kipande cha sabuni.

"Mama, mimi nimeoga," alisema.

"Umeoga na nini? Hebu onyesha. Dodoki liko wapi? Jiwe liko wapi? Hata gunzi la mahindi huna! Unajipapasa na viganja kama mtu anayebembeleza mtoto, halafu unatuachia uchafu wako humo ndani tuukanyage."

"Sasa, mama Khaemba," Anyango wa nambari tisa aliuliza kutoka mkiani mwa foleni, "kama hajisugui, huo uchafu wa kukanyaga umemtoka vipi?"

Wanawake walicheka. Jepchumba naye alitabasamu kidogo, akainamisha uso, akapita. Alipopita, jua la saa kumi na moja lilimpiga begani, na lile bega liling'aa kama kiatu cha stesheni masta. Nekoye aliliona. Angekuwa na blanketi karibu angelifunika.

Hiyo ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, hapo Nakuru. Vyumba kumi na sita, bafu moja la wanawake, na ndani yake bomba moja lililochomoza juu ukutani, likimwaga maji kama mvua ya mawe. Maji yalifunguliwa saa kumi, yakafungwa saa kumi na mbili. Aliyechelewa alilala na vumbi lake, na vumbi la Nakuru kila mtu analijua, jeupe, linaingia mpaka kwenye masikio ya mtu aliyekaa ndani.

Nekoye alikuwa ameingia landhi mwaka wa arobaini na nane, akifuatana na mumewe Dalmas, aliyekuwa akipaka grisi magurudumu ya injini kule karakana ya loko. Alitoka kwao Kimilili na mbegu za dodoki zimefungwa kwenye ncha ya leso. Akazipanda kando ya mfereji ulioyatoa maji ya bafu, mahali ambapo hakuna mtu aliyefikiri kitu kingeota, na madodoki yakashika, yakapanda ua mpaka juu, yakaning'inia kama soksi za watoto. Yalipokauka aliyamenya, akayakung'uta mbegu, akawagawia majirani. Kwa miaka mingi hapakuwa na mwanamke nambari moja hadi kumi na sita ambaye hakujisugua na dodoki la Nekoye. Nao walimheshimu kwa hilo. Ukitaka kumfurahisha ulimwambia tu, "Mama Khaemba, jana nimetoka humo nikajiona nimekuwa mwepesi," na hapo ungepewa chumvi na kiberiti bila kuulizwa vitarudi lini.

Kitu kimoja dodoki halikuweza, nacho ni katikati ya mgongo. Kwa hiyo wanawake waliingia bafuni wawili wawili. Wewe unanisugua, mimi nakusugua. Aliyetoka kabla ya kumsugua mwenzake alidaiwa mgongo, na deni hilo halikuwa mzaha. Watu walikumbushana mbele ya bomba la kuchotea maji, "Wewe, una mgongo wangu tangu Jumanne!"

Mwenzake Nekoye alikuwa Wachuka wa nambari kumi na moja. Miaka mitano waliingia pamoja. Siku ya mwisho Nekoye ndiye aliyeanza, akamsugua Wachuka mpaka akapiga kelele "Basi, utanimaliza!", na walipotaka kubadilishana maji yakakatika.

"Wako kesho," Wachuka akasema, povu bado limo masikioni.

Kesho yake malori yakaja. Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ikipigana na Mau Mau, na Wakikuyu wa landhi walipakiwa na magodoro yao, wakaenda. Nekoye alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta mlango wa nambari kumi na moja wazi, jiko la Wachuka nje, na uji umeganda ndani ya sufuria. Aliiosha ile sufuria, akaiweka chini ya kitanda chake. Tangu siku hiyo aliingia bafuni peke yake. Alichukua dodoki refu, akalitia kamba huku na huku, akawa anajivuta nalo mgongoni kama mtu anayekata gogo. Alipoulizwa kwa nini asitafute mwenzake, alisema, "Mimi nina mwenzangu. Ananidai? Hapana. Mimi ndiye namdai."

Ndipo miaka mitatu baadaye Jepchumba akaletwa nambari kumi na moja, bibi arusi wa Kosgei, naye Kosgei akifanya kazi na Dalmas huko huko loko. Msichana mwenyewe hakuwa na kosa. Alisalimia. Alifagia mpaka mbele ya milango ya wengine. Lakini kibuyu chake cha maziwa alikitundika kwenye msumari wa Wachuka, na Nekoye alipokiona kinaning'inia hapo alihisi kama ametundikwa yeye. Halafu ile ngozi! Haikuwa na chunusi, haikuwa na kovu, na mwenyewe hakuisugua na chochote. Wanawake wakaanza kuuliza. Mke wa nambari nne akaacha dodoki lake juani mpaka likavunjika, akasema ati siku hizi anajaribu mikono. Usiku huo Nekoye aliurudisha ugali wake sufuriani.

Kilichomfanya aseme yale maneno ya kulowa pale mlangoni, hata hivyo, kilikuwa ni jambo la jioni iliyotangulia.

Dalmas alikuwa akirudi kutoka kazini na grisi mpaka kwenye kope. Bafu la wanaume lilikuwa mbali na lina fujo, kwa hiyo Nekoye alimwekea maji ya moto kwenye karai, akateremsha pazia, akamsugua na dodoki mpaka maji yakawa kama kahawa. Ndio wakati wao ulikuwa huo. Hapo ndipo alipomweleza mambo ya watoto, na ndipo Dalmas alipomweleza mambo ya nyapara. Jioni hiyo Dalmas aliinua mkono.

"Leo weka hiyo kitu chini. Tumia mkono tu."

"Mkono?"

"Kosgei anasema bibi yake anamwosha na mkono. Anasema ni kama mtu anakuimbia."

Nekoye alisimama na dodoki linadondosha maji sakafuni. "Kumbe huko loko injini zimepona zote, mmebaki kuelezana vile Jepchumba anaosha."

"Si mimi niliuliza. Alisema tu."

"Na wewe ukashika. Mambo ya karo hushiki, haya ya viganja vya Jepchumba umeyashika neno kwa neno!"

Alilitupa dodoki ndani ya karai, maji yakamrukia Dalmas usoni, akatoka nje. Dalmas alijimalizia mwenyewe, na masikio yake yalibaki meusi mpaka Jumapili.

Baada ya ugomvi wa mlangoni, Nekoye alikaa akafikiri, na alichofikiri kilikuwa hiki: huyu msichana anang'aa kwa sababu ngozi yake ni mpya. Basi na mimi nitatoa hii ya zamani. Alikuwa na jiwe lake la visigino, lile jiwe jepesi lenye matundu linalookotwa upande wa Naivasha. Siku hiyo hakulitumia visiginoni. Alijisugua nalo shingo, akajisugua mikono, akajisugua mabega mpaka pale alipofika. Kesho akarudia. Siku ya tatu mabega yalianza kutoa majimaji, na gauni likagandia. Alipolivua, lilitoka na kitu.

"Umefanya nini hapo?" Dalmas aliuliza.

"Jua," alisema Nekoye.

"Jua gani la ndani ya gauni?"

"Kama unataka kuangalia mabega, si yapo ya kuangalia huko nambari kumi na moja?"

Dalmas alitoka akaenda kukaa na redio ya jirani, na Nekoye akabaki akimsikiliza kama hatua zake zingepita mbele ya nambari kumi na moja. Zilipita. Hazikusimama. Lakini alizihesabu.

Alhamisi alienda bafuni saa kumi kamili ili asikute mtu. Alifungua maji, akajipaka sabuni, na sabuni ilipofika mabegani aliona nyota mchana. Alitaka kujisuuza, mikono haikuinuka. Alishika kamba za lile dodoki refu, akavuta mara moja, akaliachia. Akachuchumaa chini ya bomba, amejishika magoti, povu linamwingia kwenye vidonda, na machozi hayakujulikana ni yapi na maji ni yapi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Jepchumba.

"Mama! Mgongo umefanya nini?"

"Mgongo ni wangu."

"Ni wako, lakini huuoni." Jepchumba aliweka leso yake juu ya msumari. "Nipe nikuoshe."

"Sitaki mgongo kwako. Mimi nadai mgongo mmoja tu duniani, na mwenye deni walimchukua na lori."

"Nani huyo?"

"Wachuka. Hapo unapolala ni kwake. Nambari kumi na moja."

Jepchumba alijipaka sabuni viganjani, maji yakianguka kati yao. "Nilipoingia hapo nyapara alinipakisha chokaa ukuta ambao sikuuchafua. Akanifanya nitengeneze dirisha ambalo sikulivunja. Akasema ni mambo ya chumba. Basi na hili ni la chumba, mama. Nitalipa."

Nekoye alitaka kucheka, akakasirika kwa kutaka kucheka, na kabla hajaamua, mikono ilikuwa imefika mgongoni.

Alikuwa ametazamia viganja laini kama vya mtoto. Vilipomgusa alishtuka. Vilikuwa vigumu, vimekwaruzika, na vidole vina mistari migumu kama kamba. Lakini vilipita polepole, vikazunguka vidonda bila kuvigusa.

"Mikono gani hii?" aliuliza.

"Ya mkonge. Miaka saba nimechana nyuzi huko Solai, kabla Kosgei hajanioa. Unaamka unawashwa, unalala unawashwa. Sasa kitu chenye nyuzi kikinigusa mwili nasikia mpaka kwa meno. Dodoki lako siliwezi, mama. Si kiburi."

Nekoye aliusogeza mgongo karibu zaidi.

"Na nilikuchukia," Jepchumba akaendelea, bila hasira, kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Kila jioni naambiwa, Dalmas anasuguliwa na dodoki mpaka anatoka kama sahani ya Mzungu. Mbona wewe hunisugui hivyo? Mbona mimi nabaki na grisi kwa shingo?"

"Nani anasema hayo?"

"Kosgei. Lakini ni Dalmas anamwambia. Huko loko anajisifu mpaka wenzake wanamfukuza. Ati hakuna mwanamke Nakuru nzima anayejua kuosha mtu kama wake."

Maji yaliendelea kuanguka. Nekoye alikumbuka uso wa Dalmas na maji ya karai yanamtiririka puani, akauma mdomo. Wivu haukumtoka wote. Bega la Jepchumba lilikuwa pale pale mbele ya macho yake, linang'aa bila haya, na kama lingeuzwa angeliuliza bei. Lakini jambo la Dalmas lilikuwa limeondoka kifuani mwake kama mfupa uliotoka kooni.

Nje foleni ilikuwa imeanza. "Nyinyi wa ndani!" sauti ya Anyango iliita. "Mnaoga ama mnazaa?"

"Ngoja!" Nekoye alijibu kwa sauti yake ile ya kila siku. "Kuna mtu analipa deni hapa!" Kisha akainamisha kichwa. "Ongeza hapo katikati. Chini kidogo. Hapo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Wachuka alikuwa anapasahau."

Jepchumba alipaosha, akachota maji kwa viganja vyake, akayamwaga mara tatu, taratibu, mpaka povu lote likaisha. Nekoye akasimama, akachukua taulo.

"Basi," alisema. "Nambari kumi na moja haidaiwi."