Miguu Iliyongoja Wimbo

Kuna siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananishangaa. Ilikuwa zama za Mwingereza, kwetu Ikombe, ufukweni mwa ziwa, mimi msichana ndiyo kwanza najifunza kufinyanga. Bibi yangu alitaka kupeleka vyungu vyake gulioni Mwaya, akabadilishane na mpunga: chungu kwa mpunga wa kukijaza.

Vyungu vikapakiwa, akina mama wakapanda mtumbwi. Bibi akafika penye maji, akaganda. Miguu haiendi mbele, hairudi nyuma, kama ilivyokuwa ikimtokea siku zile. Mjomba, mwanawe aliyeshika kasia, akaishiwa subira.

"Mama, baki nyumbani. Umeshachoka."

Bibi akanyong'onyea. Alijua akiachwa siku ile, ataachwa moja kwa moja. Mimi kwa kiherehere changu nikamshika mkono, nikavuta. Nusura tuanguke wote wawili!

"We mtoto, mimi gunia?" akanifokea. "Miguu ninayo, haijasikia tu. Imba ule wimbo wa kutwanga!"

Niliona aibu, lakini nikaimba huku napiga makofi, akina mama wakaitikia. Mwe! Bibi akanyanyua mguu, akafuata mapigo, akaingia mtumbwini mwenyewe. Akamwambia mjomba, "Sogea, umekalia mahali pangu." Tulicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Juzijuzi mjukuu wangu anayesomea udaktari kanieleza kilichompata Bibi. Ndani kabisa ya ubongo, mahali panapoitwa striatamu (jina hilo nimewaachia wenyewe), kuna seli za neva zenye umeme wake. Muda mwingi zimenyamaza, haziropoki. Habari nyingi zikizifikia kwa pamoja, ndipo zinafyatua umeme mfululizo, na mwili unaondoka. Dopamini, kemikali ya humohumo ubongoni, ndiyo inayozirekebisha: hizi ziamke, zile zitulie. Kwa Bibi ilikuwa imepungua, amri ya kutembea haifiki sawasawa. Wimbo ukapita njia nyingine humo ubongoni, ukaifikia miguu.

Basi mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akikwama usimvute, wala usiwe mwepesi wa kusema amekwisha. Muulize yeye nini humsaidia, kisha ukifanye, hata kama ni kuimba mbele za watu na sauti yako ya chura.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu. Na siku itakapogoma, akupe watu wa kukuimbia. Ndaga, asante kwa kunisikiliza.