Mume Wangu na Kopo la Kutikisia

Hapa Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, ukisema kokteli, watu wanaelewa juisi ya parachichi, embe na pesheni iliyomiminwa kwa matabaka, nzito ya kuliwa kwa kijiko. Mimi nami nilielewa hivyo mpaka nilipoolewa. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kaunta ya vinywaji ya hoteli moja ya wageni upande wa Utende, na kokteli zake zilikuwa za namna nyingine. Aliingia pale kuosha glasi, akajifunza kwa kutazama, mpaka ikafika wageni wanaorudi mwaka wa pili wanamwulizia yeye kabla hawajaulizia chumba.

Pombe hajawahi kuionja. Alichanganya kwa pua na kwa macho, na kwa kuusoma uso wa mtu anapopiga funda la kwanza. Siku moja nilimwuliza anawezaje kuandaa kitu asichokionja. Akanijibu kwamba hata mimi Ramadhani napika nimefunga, na chumvi haizidi.

Baba yake hakuipenda kazi hiyo. Ni mkulima wa Kiegeani mwenye minazi yake, mtu wa maneno machache. Hakugomba, wala hakumtenga mwanawe. Kwenye harusi yetu alikuwepo, akanipokea kama binti yake, na kila alipopata bodaboda inayokuja mjini alitutumia madafu. Ila nyumbani kwetu hakutia kitu kinywani. Akija atakaa barazani, atauliza habari ya kila mtu, atatuombea dua. Nikileta chai atasema ametoka kunywa sasa hivi. Mwanzoni nilidhani ni upishi wangu. Nikabadilisha majani ya chai, nikakanda maandazi kwa tui zito, wapi.

Mume wangu ndiye aliyenieleza. Alisema baba yake anaamini kwamba mkono unaomimina pombe, na riziki inayotokana nayo, yeye hawezi kuvipokea. "Hajanikasirikia," akaniambia. "Ndivyo dini yake anavyoishika." Alisema hivyo bila uchungu wowote, lakini niliona anavyokitazama kile kikombe cha chai kilichobaki kimejaa.

Kisha ukaja ule wakati wa maradhi yaliyoenea dunia nzima, ndege zikaacha kuleta wageni. Hoteli ikafungwa. Mume wangu akarudi nyumbani na begi la nguo na kopo moja la chuma lenye kifuniko, la kutikisia vinywaji, alilokuwa amelinunua kwa pesa yake. Akaliweka juu ya kabati. Siku zilizofuata alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza kitu. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Riziki ya nyumba sasa ilitoka kwenye cherehani yangu na kwenye muhogo wa kwetu Baleni, nilikozaliwa.

Mimi wakati huo nilikuwa na mimba, na ilinisumbua sana. Chakula hakikukaa. Hata maji niliyaona yananuka. Muuguzi wa kliniki alinisisitiza ninywe kidogo kidogo mchana kutwa, nami nilikuwa nikiitazama glasi ya maji tu, roho inapanda.

Asubuhi moja nikasikia kinu kikilia jikoni. Mume wangu alikuwa akiponda tangawizi. Akapasua dafu, akakamua ndimu, akatia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akavimimina vyote kwenye lile kopo pamoja na barafu ya kununua kwa jirani, akafunika. Alipoanza kutikisa, nilisahau kichefuchefu. Kopo lilikuwa likipita juu ya bega lake kwa mwendo mmoja, barafu inagonga ndani, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo sikuwa nimeuona tangu arudi. Akachuja kwenye glasi ndefu. Akachukua jani la mchaichai, akalipiga kofi moja baina ya viganja, akalitumbukiza.

Nikanyoosha mkono, akanizuia. "Usinywe kwanza. Nusa."

Nilinusa. Harufu ya lile jani ilikuwa imetangulia mbele ya kila kitu, ikaifukuza ile harufu mbaya iliyokuwa ikinifuata mchana na usiku. Nikanywa funda, nikangoja. Halikurudi. Nikanywa la pili. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele yangu, anautazama uso wangu, na nikaelewa ndivyo alivyokuwa akiwatazama wale wageni wote.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alinitengenezea kitu. Ukwaju na asali. Maua ya rosela yaliyolala majini usiku kucha na mdalasini. Nanasi lililochomwa juu ya makaa kabla ya kukamuliwa, mpaka likatoa ladha ya moshi. Nilipopata nguvu nikamwomba anifundishe, maana niliona aibu kuwa mke wa fundi na mwenyewe sijui hata kukata ndimu ipasavyo.

Alikuwa mwalimu mwema. Alinianzisha na shira, kwa kuwa sukari haiyeyuki kwenye kitu cha baridi, akanionyesha jinsi ya kuichemsha na iliki au maganda ya chungwa na kuihifadhi kwenye chupa. Aliniambia kinywaji kinataka kiwe na ukali na utamu unaoushika mkono, na barafu ihesabiwe nayo kuwa kiungo, kwa sababu inayeyuka na kuingia ndani. Nilipokosea hakucheka. Isipokuwa mara moja. Nilitia soda kwenye kopo, nikafunika, nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Kifuniko kiliruka, soda ikapiga dari na kutua kwenye kanzu yake aliyoinyoosha kwa ajili ya Ijumaa. Alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaenda msikitini na kanzu ya zamani.

Kidogo kidogo nikaanza kupata changu. Nilichukua mabungo, yale matunda machachu ya porini, kutoka Baleni, nikayatoa rojo na kuligandisha, kisha nikalichanganya na shira ya tangawizi na maji ya dafu, na ukingo wa glasi nikaupaka chumvi na pilipili ya unga. Mume wangu alionja, akaonja tena. Akasema hoteli nzima hakuna aliyewahi kuwaza hilo. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Mtoto wetu alizaliwa salama. Ramadhani ikaingia katikati ya masika, na alasiri moja baba mkwe akaja kumwona mjukuu wake. Alitaka kuondoka mapema akafuturu kwake, lakini mvua ikashuka, mvua ya kufunga njia, na bodaboda aliyemleta akapiga simu kusema haji mpaka ikatike. Saa ya magharibi ikawa inakaribia. Baba mkwe akakaa mkekani na mtoto mapajani, na mfukoni alikuwa na tende zake mwenyewe ndani ya karatasi.

Nilikwenda jikoni. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na meza, hajui afanye nini. Akaniambia nimpelekee maji matupu, tusimtie baba katika tabu. Nilipeleka maji. Lakini kwenye chano nikaweka na glasi moja ya bungo, niliyoitikisa mwenyewe.

Adhana ilipolia, mzee alipiga bismillahi, akala tende, akanywa maji. Kisha akaiangalia ile glasi kwa muda.

"Hii nani ametengeneza?"

"Ni mimi, baba," nikamjibu. Ningeweza kuishia hapo. Moyo wangu ukakataa. "Lakini ujuzi ni wake yeye. Kila nilichofanya hapo amenifundisha yeye."

Alimsogeza mtoto kwenye mkono wa kushoto, akaishika glasi kwa kulia, akanywa. Nilisikia mvua juu ya mabati na sikusikia kingine. Alikunywa mpaka nusu, akafuta midomo.

"Basi na yeye anitengenezee," akasema. "Nione kama mwanafunzi amemfikia mwalimu wake."

Mume wangu alikuwa amesikia. Niliporudi jikoni nilimkuta ameshaanza, na sijapata kumwona akienda polepole kiasi kile. Alichagua dafu kati ya yale aliyoyatuma baba yake mwenyewe juma lile. Alikata ndimu mbili akaitupa moja. Alipotikisa, kopo halikupita juu ya bega. Alilishika karibu na kifua. Akaibeba glasi mwenyewe, akapiga goti mkekani, akaitoa kwa mikono miwili.

Baba yake akaipokea. Akapiga funda, akafumba macho.

"Dafu langu hili."

"Ndiyo, baba. La kwako."

Mzee akaimaliza glasi yote, akauweka mkono wake begani kwa mwanawe, ukakaa pale. Baada ya hapo mume wangu alisema anakwenda kutazama uji, na uji haukuwa motoni. Sikumfuata.

Wageni waliporudi kisiwani, hoteli ilimwita. Alikwenda kuwaambia kwamba angependa kurudi, ila atengeneze vinywaji visivyo na pombe tu. Walimsikiliza kwa heshima, wakasema nafasi ya namna hiyo hawana. Nilidhani atarudi amevunjika. Alirudi na maganda ya mananasi aliyopewa na mpishi, akataka kujua kama yanatoa shira.

Siku hizi tunaitwa kwenye harusi, mjini na vijijini. Ninakata na kuchuja, yeye anatikisa. Nimemtazama mara nyingi, na bado ananishangaza. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi huko Baleni, foleni imefika uani, na bibi yake biharusi akasogea mezani kusema kwamba vyote ni vizuri lakini baridi inamuumiza meno. Mume wangu akaacha foleni. Akaenda kwa wapishi wa pilau kuomba maji ya moto, akayamimina juu ya rosela na tangawizi, akaweka asali na karafuu moja, akamimina toka kikombe hiki hadi kile mpaka joto likawa la kunyweka. Kisha akasimama pale pale, watu wote wanangoja, mpaka bibi alipopiga funda la kwanza na uso wake ukafunguka. Mimi nilikuwa na ndimu mkononi, nikasahau kuikata.