Siku Mageni Aliposhinda Ngoma

Wivu ulimpata Mageni mchana kweupe, akikoroga uji wake wa kuuza kando ya karasha, pale Runzewe wanaposaga mawe ya dhahabu. Mteja mmoja alimsogezea simu. "Dada Mageni, hebu mwone rafiki yako! Dunia nzima inamwangalia." Mageni akatazama. Zipora yule, kichwa juu, fulana mpya kifuani, anaimba. Anaimba nini? Anaimba wimbo wa Mageni! Na Mageni mwenyewe, aliyeutunga na aliyekuwa akipiga ngoma siku ile, alikuwemo kwenye video, maana kilionekana kiwiko chake. Kiwiko tu, jamani. Uji ukaungulia sufuriani.

Usimcheke. Wewe ungefanyaje?

Mageni hakuwa mtu wa hivi hivi. Babu yake mzaa mama alikuwa manju wa Bagalu, mwimbaji ambaye akifungua kinywa, wapinzani wao Bagika walibaki wakiwachezea ngoma mbwa na kuku. Ndivyo mashindano ya ngoma ya Wasukuma yalivyo: baada ya mavuno, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na hakuna refa. Watazamaji ndio refa. Wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Mageni alilijua hilo kabla hajajua kusoma, na sauti ya babu aliirithi yote, ndugu zake hakuwaachia hata chembe.

Yeye na Zipora walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza. Wote wawili waliishia kidato cha nne, wakarudi kijijini, wakaona jambo lile lile: mwalo wa kuoshea dhahabu uko juu, kisima cha kijiji kiko chini. Sasa maji yenye zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, yanateremkia wapi? Mama yake Mageni alikuwa ameosha dhahabu pale tangu ujana wake, akikoroga zebaki kwa mikono mitupu, na siku hizi hata kikombe cha chai hakimtulii mkononi. Ndipo wasichana hao wakakusanya vijana wenzao, wakaanza kudai mwalo uhamishwe. Zipora alijua kusema, Mageni alijua kuimba. Wazee waliokuwa wakiwaita watoto wasio na kazi, taratibu wakaanza kuwasikiliza.

Halafu ikaja hiyo video.

"Shoga yangu, hutaamini!" Zipora alikuja mbio jioni ile. "Vijana wa Kolombia na Ufilipino nao wanahangaika na zebaki hii hii! Wananiuliza mimi nilianzaje!"

Mimi. Neno lile lilimkaa Mageni rohoni kama mwiba wa samaki. Akacheka kwa meno, akasema hongera, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia. Tangu hapo kila kitu cha Zipora kilimuudhi: kicheko chake, simu yake isiyoacha kulia, hata namna alivyofunga kilemba. Wanawake huvaa kanga zilizoandikwa kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mageni alikonda kweli, mpaka mama yake akaanza kumwongezea ugali.

Baada ya kusumbuliwa sana, mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartholomeo, alikubali kuitisha mkutano mkuu. Watu wakitosha na wengi wakinyoosha mikono, mwalo utahamishwa kabla ya mvua. Wasipotosha, shauri lao. Zipora alipanga kila kitu, na wageni wenye kamera wangekuja kumpiga picha.

"Na mimi?" Mageni akauliza.

"Wewe utaimba mwishoni, watu wakiwa wanaondoka."

Weee! Amwambie hivyo mjukuu wa manju! Usiku kucha Mageni aligeuka kitandani, na asubuhi alikuwa na mpango. Saa ile ile ya mkutano, atapeleka wapiga ngoma na wachezaji wa bugobogobo na majembe yao uwanja wa ng'ambo ya barabara. Atawavuta watu kidogo tu, kamera ione nani ni nani. Kisha atawaongoza wote kwa ngoma mpaka mkutanoni, yeye mbele. Kichwani mwake mpango huo haukuwa na kasoro.

Siku ilipofika, alimwaga wimbo wa kwanza, na watu wakaanza kuchomoka kwenye mabenchi ya mkutano mmoja mmoja. Wa pili, wakaja kwa makundi. Majembe yakarushwa juu, yakadakwa, vumbi likatimka, akina mama wakapiga vigelegele. Kwa mbali Mageni alimwona Zipora amesimama kinywa wazi, halafu akaiona kamera ikigeuka. Inakuja kwake! Alifurahi, asikudanganye mtu, alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Angeacha hapo, mambo yangekuwa sawa. Lakini manju gani anaacha wakati watu wanazidi kumiminika? Wimbo mmoja tu, akajiambia. Halafu mwingine. Na mwingine tena.

Alipokumbuka mkutano na kuwavusha watu barabara, jua lilikuwa limeinama na mabenchi yanapangwa moja juu ya jingine.

"Shikamoo mwenyekiti. Watu hawa hapa, nimewaleta."

"Marahaba, mwanangu. Umecheza vizuri, babu yako angefurahi. Ila mkutano nimeshaufunga, watu hawakutosha. Tuonane robo ijayo ya mwaka."

"Robo ijayo mvua zitakuwa zimeshanyesha! Maji yote ya mwalo yatashuka kisimani!"

"Mimi sikupiga ngoma," alisema Bartholomeo, akachukua baiskeli yake.

Zipora hakumgombeza, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Ungeniambia tu, Mageni. Ningekupisha uanze wewe." Akavuta pumzi. "Mama yako leo amesema mbele ya watu."

"Mama yangu?"

Alikuwa amembembeleza mama yake mwaka mzima asimame mbele ya kijiji aonyeshe mikono yake, na mama alikuwa akikataa. Mwalo ndio uliokulea, alizoea kusema, niusemeje vibaya?

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho lililobaki, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Nilikuja kukusaidia, ng'wanone," alisema, akimwita mwanangu kwa Kisukuma kama alivyofanya kila mara. "Nikakutafuta, sikukuona. Basi nikasimama mwenyewe, nikainua mikono waione. Nikaanza kusema, na wale wachache waliokuwepo wakageuza shingo, wanasikiliza wimbo. Wakaondoka. Sikuwalaumu. Hata mimi niliusikia. Unaimba kama baba yangu kabisa."

Mageni alipiga magoti. Ng'ambo ya barabara vijana waliobaki walikuwa wakiliita jina lake, wakitaka wimbo mwingine.

"Nipe maji," mama alisema. "Koo limenikauka kwa kusema."

Ndoo ya mkutano ilikuwa pale pale. Mageni akachota, akamshikia mama kikombe kwa mikono yake miwili ili kisimwagike, na mama akanywa maji ya kisima kile mpaka yakaisha.