Jedwali la Bia na Nyama

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Maguu, kwa hiyo aibu hii sina wa kumsingizia. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waanze kutufuata na fedha mkononi, baa zimefunguliwa hadi karibu na bucha. Kila Jumamosi nikitumwa nyama, narudi mikono mitupu, nanuka bia.

Mke wangu aliponuna, nilimchorea jedwali kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. "Mama Anna, bia ni nafaka. Ng'ombe anakula majani tu. Chupa moja inaishinda nusu kilo ya nyama kwa lishe!" Akaitikia kwa kichwa, nami nikajua somo limeingia.

Jumapili iliyopita wakwe zangu walikuja baada ya misa. Mezani nikakuta chupa ya bia imefunguliwa mbele yangu. Moyo ukanisuuzika: huyu mwanamke anajua kutunza mume! Nikaombea chakula kwa sauti.

Bakuli la nyama likaenda kwa baba mkwe, likaenda kwa mama mkwe, kisha likafunikwa.

"Mama Anna, umenisahau," nikasema nikicheka.

"Sijakusahau. Mboga yako si hiyo hapo?" Akamwonyesha baba yake ule mlango. "Baba, mwalimu amepima mwenyewe. Nyama haina kitu."

Baba mkwe alilisoma jedwali lote, taratibu, huku akitafuna. "Basi kula, mwalimu, na sisi tujifunze."

Nikamega tonge la ugali. Wote watatu wakanikodolea macho, waone nitalichovyaje kwenye chupa.