Katuni yenye sura ya Ilham

Mie natengeneza katuni za kompyuta, na mdomo wangu hauna breki. Zahanati moja ya Vingunguti iliniomba katuni ya kuwaeleza wazazi jinsi moyo wa mtoto unavyofanya kazi. Mtoto wa kwenye katuni nilimpa sura ya Ilham, binti wa jirani yangu wa zamani kule Chamazi. Mama yake aliniruhusu kwa furaha kabla sijahamia Mikocheni. Tangu nihame sikuwahi hata kumpigia simu. Nilimtumia tu ujumbe wa kumwalika, akajibu, “Nitakuja, inshaallah.”

Siku ya kuionyesha alikaa benchi la mbele. Ilham alipoanza kukimbia kwenye skrini, moyo wake ukidunda kifuani, mama akalia. Nikadhani kazi yangu imemgusa. Kichwa kikanivimba, nikamwita mbele ya wazazi wote: “Mama Ilham, simama wakuone! Mwenyewe umemwacha wapi, aje ajione?”

Akasimama taratibu.

“Tulimzika kabla ya Ramadhani, mwanangu.”

Nikapapasa kompyuta nizime. Akanisogelea, akanishika mkono.

“Usizime,” akasema. “Niache nimwangalie.”