Rosette Ampeleka Mama Yake Albertville

Mama Émilienne alipopofuka kabisa aliomba kitu kimoja tu: apelekwe Albertville. Majirani zake wa Baraka walicheka kwa upole. Jina hilo lilikwisha zamani; mji huo sasa ni Kalemie, huko kusini, kwenye ufuko uleule wa ziwa. Lakini kwa Émilienne ulibaki Albertville, mji alikozaliwa na kuolewa. Bintiye Rosette, fundi cherehani wa karibu na soko, hakucheka. Alifunga kibanda chake, akamshika mama mkono, wakapanda boti iliyojaa magunia ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani.

Boti ilizunguka ncha ya Ubwari, ikashuka kusini. Walipokaribia, jua lilikuwa linachomoza na ukungu umelala juu ya maji.

“Unaona nini?” Émilienne aliuliza.

“Naona manyumba meupe kule juu ya mulima, mama. Mulima wenyewe hauonekane. Ni kama manyumba zinaelea.”

“Ndiyo yenyewe,” mama akasema, akatabasamu.

Walifuata barabara kubwa ya kando ya ziwa, chini ya baraza zenye nguzo nene, zilizojengwa na Wabelgiji enzi za ukoloni. Rosette aliona kuta zilizobambuka, wauza vocha chini ya miavuli, pikipiki zikipiga honi. Mama yake alikuwa anaona mengine.

“Hapa kulikuwa mukate. Harufu yake ilifika mupaka kwetu, kwenye kambi ya bafanyakazi.”

“Mulikuwa munanunua hapa?”

“Sisi? Tulipita tu na mizigo kichwani, mbio mbio. Jioni hatukuwa na ruhusa hata ya kupita.” Akasimama kidogo, akavuta pumzi. “Leo tutembee pole pole.”

Wakatembea pole pole, katikati kabisa ya baraza, bibi kizee akigusa kila nguzo kwa kiganja. Rosette aliacha kuzitazama kuta. Kwa kitambo, angeweza kuapa, na yeye alisikia harufu ya mkate.

Kisha mama akataka kufika gare, stesheni ya treni. Huko majani yalikuwa yameota kati ya reli, na mbuzi walilala kivulini. Mlinzi, mwanamume mpole aliyejitambulisha kwa jina la Bonaventure, aliwafuata haraka.

“Mama, leo treni haiko.”

“Hatungoje treni, papa mulinzi. Tulikuja kucheza muziki.”

Bonaventure alimtazama Rosette. Rosette akamgeukia mama yake.

“Treni ilichelewa siku ile,” Émilienne akaeleza. “Abiria mumoja alitoa gitaa. Bertin, papa ya huyu mutoto wangu, alikuwa anapakia mabehewa. Akaacha kazi, akanishika mukono, tukacheza. Palepale.”

“Papa?” Rosette alishangaa. Baba aliyemjua alikuwa shemasi mkali, aliyezima redio kila muziki ulipoanza. “Papa alijua kucheza?”

“Ni yeye alinifundisha. Tulipohamia Baraka, kanisa ilimukataza, akaacha. Mi sikuacha. Nilicheza ndani ya roho tu.”

Bibi kizee akaanza kuimba kwa sauti nyembamba, na mlinzi akapiga makofi taratibu. Rosette alimshika mama kiuno. Miguu ile, iliyokuwa ikijikwaa hata nyumbani, haikukosea hatua. Upepo wa ziwa ulipita kwenye majani, na Rosette akamwona kijana mwenye uso wa baba yake na shati la vumbi, anacheka, mkono ameunyosha. Hakufumba macho wala hakuogopa, aliendelea kucheza.

Mwishowe Émilienne alichoka, akalala begani mwa bintiye. Bonaventure akaleta mkeka, kisha akarudi kukaa mlangoni pake.

Katika boti ya kurudi Rosette hakuangalia ziwa. “Niambie tena kuhusu papa,” alisema, “ile ya mbele, kabla sijazaliwa.” Mama akamwambia, na alikuwa bado anamwambia wakati vilima vya Ubwari vilipotokea.