Lori la Kutuokoa

Baba alikuwa mtu wa kujiandaa. Lava ilipomeza nyumba yetu ya mtaa wa Birere, mjini Goma, aliapa mbele ya mama kwamba mlima hautamkuta tena akitafuta viatu. Tulipojenga upya, lori lake la zamani, la kubebea maharagwe ya Bunagana, lilipata nafasi nzuri kuliko sisi: pua imeelekea barabarani, mkia chini ya dirisha la mama. Lilikuwa tayari kwa volkano au kwa waasi, yeyote atakayetangulia kufika.

Tatizo ni kwamba lilikuwa haliwaki bila kusukumwa, na kusukuma lori si kazi ya watu wanaokimbia. Kwa hiyo kila uvumi ulipoingia mjini, baba aliliwasha mapema, akaliacha likinguruma hadi uvumi ufe. Na Goma tukose sukari, tukose umeme, uvumi haujawahi kutupungukia.

Mama alikuwa na kifua kibovu. Daktari alimkataza moshi, na baba hakulifanyia mzaha agizo hilo. Alimnyang'anya jiko la makaa, akatukataza kuchoma taka, akamfukuza mjomba na sigara yake. Lori, chini ya dirisha, liliendelea kutoa moshi mweusi kama masizi ya sufuria.

Fundi alimwambia waziwazi kuhusu dizeli, mazutu kama tunavyoiita. "Muzee, hii moshi ni mazutu yenye haiungue. Tusafishe injekta, tubadilishe filtre, mama atapumua."

"Moshi ndiyo nguvu ya gari," baba akajibu. "Gari yenye haitoe moshi iko kama mutu mwenye hakule."

Ila alimpenda mama, kwa hiyo alichomelea bomba refu lililovuka ukuta na kuupeleka moshi kwa jirani. Jirani, mwalimu wa kwaya, alivumilia Kikristo kwa muda, kisha akaliziba bomba kwa gunia. Moshi ukarudi kwetu. Mama alikohoa hadi akashika ukuta, nami nilikiogopa kikohozi kile kuliko bunduki za waasi.

Halafu volkano ya Nyiragongo ikalipuka kweli. Baba alituamuru tupande haraka, kisha akatuita sisi tuliokuwa bado chini tusukume. Tukasukuma hadi barabarani. Lori halikukohoa hata mara moja, kwani tangi lilikuwa kavu. Mazutu yote yalikuwa yameishia katika kujiandaa.

Tulikwenda mji wa Sake kwa miguu, katika msongamano wa watu na magodoro. Nilijua nitambeba mama; nilishindwa tu kujua nitambeba akiwa hai au vipi. Alitembea mwenyewe, polepole, akipumzika na kuendelea. Tulilala katika darasa la shule. Asubuhi nilishtuka kwa kutosikia kikohozi, nikamsogelea nikidhani amekufa. Alikuwa amelala usingizi mzuri.

Lava iliishia mbali na mtaa wetu. Tuliporudi, nyumba ilikuwa salama na lori salama. Baba alimshukuru Mungu kwa vyote viwili, akachukua dumu akatafute mazutu. Mama hakuingia. Alikalia furushi lake kwenye lango la kiwanja.

"Papa wa batoto," akasema kwa upole, "volkano nilikimbia na miguu yangu. Sasa chagula: mu hii parcelle naingia miye, ao inabakia ile gari."

Baba alimtazama mama. Akalitazama lori. Nilikuwa nikimsubiri ajibu, naye alikuwa bado anafikiri.